Sauti Yangu Iliyouza Beseni Siku ya Jumapili

Siku nilipovaa miwani mara ya kwanza nilitembea kuanzia Mnazi Mmoja hadi nyumbani Kariakoo nikinyanyua miguu kama kuku anayevuka matope. Ardhi ilikuwa imenisogelea. Kila ukingo wa lami niliuona umefika magotini. Mama mmoja muuza karanga akaniuliza, "Baba, umeteguka?" Nikamjibu nafanya mazoezi. Siku ya tatu ardhi ikarudi chini yenyewe, hakuna aliyeisukuma, na mimi nikazoea mpaka wiki hiyohiyo nikaipekua nyumba nzima nikitafuta miwani niliyokuwa nimeivaa. Mke wangu alikaa mkekani akinitazama bila kusema neno. Nilipoanza kuchungulia ndani ya ndoo ya mchele ndipo akasema, "Endelea, baba watoto, iko chini kabisa hapo."

Nimeanza na macho kwa sababu nina aibu kuanza na masikio. Lakini kisa chenyewe ni cha masikio, na ndani yake nilimponza mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo acha nikifikie polepole.

Shule niliacha darasa la nne, kwetu Lindi, nikaja mjini kijana mwenye mabega. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote ni kuuza beseni. Beseni za plastiki, kubwa za kufulia, ndogo za kunawia, zile za maua ambazo bibi harusi akinunuliwa anazificha juu ya kabati asizitumie mpaka anazeeka. Nilikaa kona moja ya Kariakoo miaka arobaini, na mtaji wangu mkubwa ulikuwa koo. Nilikuwa naita hivi: "Beseni beseni beseni! Njoo mwenyewe, usitume mtu! Ukituma mtu atakuletea yenye ufa!" Watu walikuwa wanacheka, wakicheka wanasimama, wakisimama nimewapata.

Kisha zikaja spika. Siku hizi muuzaji hajichoshi. Anarekodi sauti mara moja kwenye kispika kidogo, anakitundika mlangoni, kinapiga kelele tangu asubuhi mpaka wanafunga, yeye amekaa anakula mihogo. Mwenye duka mmoja, mtu wa Kilimanjaro, jirani wa kona yangu, akanijia. "Mzee, shikamoo. Nipe sauti."

"Marahaba. Sauti nikikupa mimi nabaki na nini?"

"Unabaki nayo hiyohiyo. Sauti si beseni, haipungui."

Nikampa. Nilivimba kichwa siku hiyo, msiniulize. Akarekodi, akawapa na wenzake, wenzake wakawapa wenzao, na nilipostaafu kwa sababu ya magoti, sauti yangu ikabaki kazini. Ukipita mitaa mitatu utanisikia mahali pane. Nilikuwa napita na fimbo yangu, najisikia nikiita, najisemea huyu bwana alikuwa na kifua.

Sasa, mtu wa Kariakoo hasikii kelele. Mgeni akija kutoka kwetu anaziba masikio kwa viganja, anatuuliza mnaishije humu. Tunamuuliza, kelele gani? Spika ishirini zinalia, jenereta linanguruma, wabeba mizigo wanapiga mluzi upishe njia, sisi tunaongea mambo yetu taratibu. Linapozimika jenereta ndipo tunaposhtuka, tunatoka nje wote, tunaulizana kuna nini. Kichwa cha mtu ndivyo kilivyo. Jambo linalokuja kila siku kinalitupa nje, na lililokosekana kinalitafuta. Lakini hilo nimelijua baadaye, baada ya kuharibu. Wakati ule nilikuwa mjinga tu mwenye miwani.

Nyumbani tunaishi nyumba ya zamani ya vyumba sita, nyuma ya maduka. Mimi na mke wangu chumba kimoja, chumba cha mbele mpangaji anayeuza soksi, na kile cha uani anakaa mdogo wangu. Huyu mdogo wangu alipokuwa kijana alianza kusikia watu wakimsema juu ya bati. Tukamfunga kamba. Nasema tukamfunga kwa maana mimi ndiye niliyeshika kamba. Tukamzungusha kwa waganga, akanyweshwa mpaka maji ya mizizi ambayo mbuzi angeyakataa, na mwishowe mzee mmoja wa msikitini akatuambia mpelekeni hospitali, mnasubiri nini? Akalazwa, akatoka, akaanza vidonge na kliniki ya kila mwezi. Tangu hapo ni mzima kuliko mimi. Kazi yake kunyoosha nguo. Wauza mitumba wanamletea mashati yamekunjamana kama uso wangu, anayapitishia pasi ya mkaa barazani kwetu, yanatoka unadhani yametoka dukani leo.

Na mimi kwa miaka yote hiyo nilifanyaje? Nilimtania. Mgeni akija nasema, "Huyu ndiye mgonjwa wetu." Nikipewa sifa kwa kumtunza napokea, kumbe chai yangu ya asubuhi analipa yeye kwa pasi yake. Nilikuwa na msemo wangu kabisa barazani: "Kwetu kichaa kilikuja kimoja, na kina mwenyewe." Watu wanacheka, yeye anacheka nao, ananyoosha kola.

Basi Jumapili moja asubuhi, maduka ya mtaani kwetu yamefungwa, nimekaa uani kwenye kigoda nasubiri chai. Kimya. Nikasikia, wazi kabisa, kama mtu yuko nyuma ya ukuta: "Beseni beseni beseni! Njoo mwenyewe, usitume mtu!"

Nikatabasamu. Nikadhani ni mwenye duka kafungua. Ikaita tena, ikaita tena, haichoki, na mimi koo langu halisi lilikuwa linapumzika angalau kumeza mate. Nikainuka, nikaenda kwa mpangaji wa mbele, kwa sababu yeye ana spika yake ya soksi. Nikagonga kwa fimbo.

"Zima hiyo spika, leo Jumapili!"

Akatoka na mswaki mdomoni. "Spika ipi, mzee?"

"Hiyo inayoita beseni."

"Mzee, yangu ya soksi. Halafu imekufa betri tangu Alhamisi." Akaileta nione. Nikaitikisa. Nikaiweka sikioni. Imelala kama jiwe, na beseni zinaendelea kuuzwa.

Sikuridhika. Nikachungulia chini ya kitanda changu. Nikafungua kabati. Mke wangu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ananiambia umekuwa kiziwi, na mimi kwa mwaka mzima namjibu sio mimi kiziwi, ni watu wa siku hizi wanaongea kama wana ubuyu mdomoni, akasimama mlangoni. "Unatafuta miwani?"

"Husikii?"

"Nisikie nini?"

Nikamtazama. Nikasema, "Chai imechelewa."

Nilikaa tena kwenye kigoda. Nikamwona mdogo wangu mlangoni kwake anapepea mkaa, anakitazama kichwa changu. Nilikuwa nimekiinamisha upande mmoja. Namna hiyohiyo alivyokuwa anakiinamisha yeye zamani, nikimwonyesha watu kwa kidole.

Ilirudi kila palipokuwa na utulivu. Mchana nikijilaza, ipo. Chooni, ipo, chooni hasa ilikuwa na bidii. Nikienda mtaani kwenye kelele, inapotea, au niseme inachanganyika na zile sauti zangu za spika nisijue ipi yangu na ipi yangu. Nikaogopa sana. Nilijua kilichokuwa kinanisubiri: kamba, waganga, na mtu barazani akisema huyu ndiye mgonjwa wetu. Nilijua maneno yote, si nimeyatunga mimi?

Hapo akili yangu ya darasa la nne ikanipa mpango. Siku ya kliniki ya mdogo wangu, tuko kwenye chai na chapati, mke wangu ametoka, nikamsogelea.

"Mdogo wangu, ukifika kwa daktari leo, mwambie unasikia mtu anauza beseni."

Akaweka kikombe chini. "Mimi sisikii mtu anauza beseni, kaka."

"Najua. Wewe mwambie tu. Akikuongezea vidonge, vile vya kuongezea niletee mimi."

"Nani anasikia?"

"Rafiki yangu mmoja."

"Rafiki yako anasikia sauti ya nani?"

Nikala chapati kwanza. "Yangu."

Angeweza kucheka, alikuwa na haki ya miaka thelathini ya kucheka. Akasema, "Nenda mwenyewe, kaka. Watu wazuri pale."

"Niende niandikwe? Wewe una kadi tayari. Moja zaidi kwako si kitu."

Hilo neno, moja zaidi kwako si kitu, nalikumbuka kuliko yote niliyowahi kusema. Lakini mimi ndiye kaka mkubwa, na kwetu mkubwa akiomba mara mbili, mdogo hakatai. Akachukua kadi yake akaenda.

Alirudi mchana mkono mmoja ameshika mkono mwingine. Nikamwahi uani. "Viko wapi?"

"Hakunipa vidonge. Kanichoma sindano."

"Sindano?"

"Ya mwezi. Kasema kama zimerudi na vidonge nameza kila siku, basi vidonge havitoshi." Akakaa. "Sasa kaka, tutagawana vipi?"

Naye akacheka, mara ya mwisho kwa muda mrefu. Sindano haigawanyiki. Miaka arobaini nimewaambia watu wasitume mtu, ataleta yenye ufa, na mimi nikatuma.

Baada ya siku chache shingo yake ikakakamaa. Mikono ikaanza kutetemeka, mate yanamponyoka pembeni ya mdomo, akikaa analala, akisimama anatembea kama mimi na miwani mpya. Alhamisi akapitiwa na usingizi pasi iko juu ya shati jeupe. Pembetatu nyeusi mgongoni, inafuka. Mwenye shati, muuza mitumba aliyemletea nguo miaka yote, hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alikusanya mashati yake yote, yaliyonyooshwa na yasiyonyooshwa, akaniambia pembeni kwa sauti ya upole, "Mzee, pole. Naona kimemrudia."

Nikasema, "Ahsante." Huyo ndiye mimi. Nilisema ahsante.

Kufika Jumamosi hakuna aliyeleta nguo. Pasi imelala barazani haina moto. Mke wangu anamlisha uji shemeji yake kwa kijiko, analia kimyakimya, anasema kafanya nini huyu mtu, alikuwa mzima. Na yule ndugu yangu hakumwambia. Aliulizwa mbele yangu, "Shemeji, kweli umezisikia tena?" akanitazama mimi, akasema, "Kidogo, shemeji." Nilitamani beseni moja kubwa ya kufulia inifunike.

Mnadhani hapo nilikwenda? Bado. Nilikuwa na mpango wa pili. Alikuwa ameambiwa arudi kwa daktari baada ya wiki mbili, nikamwambia, "Safari hii mwambie zimekwisha. Mwambie husikii kitu." Akanijibu ulimi mzito, neno moja moja: "Nikisema zimekwisha, atasema sindano imefaa. Atanichoma tena kila mwezi mpaka nife."

Nikafikiri njia nyingine. Nikazunguka uani. Ukutani kwa chumba chake kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ile pasi, mtu kaitundika. Miaka yote sijapata kuiona pasi ile ukutani. Huwa iko barazani, ina moto. Ukuta ulikuwa hauna hata alama ya masizi, msumari mpya. Alikuwa ameupigilia yeye mwenyewe, kwa mikono ile inayotetemeka. Alikuwa ameshakubali kwamba kazi imekwisha. Nikavaa kanzu.

Kwenye benchi la kliniki tulikaa watu wengi na hakuna aliyekuwa na pembe. Nasema hivi kwa sababu nilizitafuta. Nilimkuta pale karani mstaafu niliyemuuzia beseni za binti zake wote, akanipungia mkono kama tumekutana sokoni. Daktari alikuwa mama kijana, umri wa binti yangu.

"Shikamoo, mzee. Umemleta mgonjwa?"

"Marahaba. Hapana, yeye ndiye kanileta." Kisha nikasema yote mfululizo, nisije nikasita: beseni, spika, chapati, sindano. Nilisema nikitazama viatu vyangu. Nilipoinua uso, mama yule alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mzee, umeelewa kwamba nimemtibu mtu ugonjwa usio wake?"

"Nimeelewa."

"Sindano ikishaingia siwezi kuitoa. Atakaa nayo wiki kadhaa. Nitampa kidonge cha kupunguza kukakamaa." Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe baba, kwa nini ulikubali?"

"Ni kaka yangu," akasema. Daktari akashusha pumzi, akaandika.

Kisha akanigeukia mimi. Sauti inakutuma ufanye jambo? Inakutukana? Nikasema inaniambia niende mwenyewe, nisitume mtu. Nikaona anauma mdomo asicheke. Akaendelea kuuliza, najibu vizuri tu, mpaka akachukua faili akaliinua mbele ya mdomo wake. Nikangoja. Akalishusha.

"Mbona hujibu?"

"Hujaniuliza kitu."

"Nimekuuliza mara tatu una watoto wangapi."

Nikamtazama mdogo wangu. Akatikisa kichwa: kweli, mara tatu. Haya, jamani. Mwaka mzima, labda zaidi, nilikuwa nasikia kwa macho. Nasoma midomo ya watu bila kujua kama nasoma, mimi ambaye gazeti lenyewe nasoma kwa kidole. Wale wote niliosema wana ubuyu mdomoni walikuwa wamenipa mgongo tu.

Alinieleza kwa maneno ya mtu wa kawaida. Ubongo wangu ulilelewa kwenye kelele miaka arobaini. Masikio yakaanza kufa, kelele hazifiki, na ubongo haupendi duka tupu. Ukaanza kupanga bidhaa ya zamani iliyobaki stoo. Akasema yapo mambo mengine yanayoweza kuleta sauti, kwa hiyo nipimwe, niende kwa watu wa masikio, nirudi. Lakini hakuniona kama mtu wa kufungwa kamba. Nikauliza, basi mimi na huyu hatufanani? Akasema magonjwa ni mbalimbali, na matibabu mbalimbali, ndiyo maana hayaazimwi. "Ila kichwa ni kilekile, mzee. Kazi yake ni kukutengenezea dunia kwa vipande kinavyovipata. Wakati mwingine kinakosea kushona. Cha kwako, cha kwake, hata changu."

Nilitaka kufurahi kwamba mimi sio. Kisha nikamwona mdogo wangu anajifuta mate kwa leso, furaha ikaniishia palepale mlangoni.

Kulikuwa na kazi moja imebaki, nayo ndiyo iliyonitoa jasho. Nilizunguka kwa wauza mitumba mmoja mmoja. Nilianza na yule wa shati jeupe.

"Aliyesikia sauti ni mimi. Mdogo wangu ni mzima. Alinibebea."

"Sauti inasemaje, mzee?"

"Inauza beseni."

"Sauti yako?"

"Yangu."

Akaangua kicheko. "Mzee, hata mimi naisikia! Hiyo hapo!" Na kweli, mlango wa pili spika ilikuwa inaita, njoo mwenyewe, usitume mtu. Wakacheka fremu nzima ya duka. Nimetaniwa mengi, lakini kujaribu kukiri ukichaa watu wakakataa kukupokea, hilo sikulitegemea. Ikabidi nikae nao kwenye marobota, niwaeleze kuanzia chapati. Hawakucheka tena. Yule bwana akasema tu, "Ungesema siku ile, mzee." Nikasema, "Ndiyo."

Mashati aliyarudisha manne, ya kujaribu. Wiki hizo nilinyoosha mimi, mdogo wangu amekaa kwenye kigoda ananielekeza kwa kunipigia kelele sikio la kulia, ambalo lina afadhali: "Kola kwanza! Kaka, kola kwanza! Unapiga pasi au unakanda unga?" Niliunguza vidole vyangu, mashati hapana. Wapita njia wakasimama kutazama. Watu wa masikio wameniahidi kifaa, naambiwa nacho nitaona ardhi imesogea upya kwa siku chache.

Jumapili iliyopita mikono yake ilikuwa imetulia kiasi. Sio kabisa, kikombe bado anakijaza nusu. Akaitoa pasi msumarini mwenyewe, akatia mkaa, akapepea, akatandaza shati moja juu ya meza. Akapiga kola taratibu. Mke wangu akasimama na sufuria mkononi asijue aiweke wapi. Mtaa umefungwa, kimya, na mimi kwenye kigoda changu kichwa kikaenda upande.

Hakuinua macho kwenye shati. "Amekuja?"

"Amekuja."

"Leo anauza nini?"

"Beseni."

Akageuza mkono wa shati, akaunyoosha. "Mwambie tunazo."